Programu ya wamenta wa chuo hapa Kisumu: kuita wanajua, kushikilia bado

Naandikia komredi (mwanafunzi wa chuo) yeyote atakayeona Septemba hii meza ya hii programu, ile inayompa mtoto menta, yaani mwanafunzi wa chuo wa kukaa naye Jumamosi, akajiuliza ajiandikishe ama apite, na pia mzazi ambaye mtoto wake amepewa menta. Nimekuwa nao tangu 2024 nikiwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Maseno, saa hii niko wa nne, na kwa nyota tano nawapa tatu. Jina lao siweki, nataka warekebishe, sitaki waaibike.

Kuandikisha watu wanajua, hapo sina neno. Hawakuja na bango kubwa wala hotuba, walileta tu kijana wa mwaka wa tatu akasimama kando ya foleni ya ID (mimi nilikuwa nimeenda kubadilisha yangu imevunjika) akatuambia venye Jumamosi yake huwa: anapanda matatu Maseno saa mbili asubuhi, anashuka Kondele, anatembea hadi Manyatta, anakaa na mtoto mmoja masaa mawili wakiongea, wakicheza, wakifanya homuweki, halafu anarudi. Basi. Akauliza kama tuko na Jumamosi. Karatasi zilijaa majina siku hiyo, kwa sababu mwanafunzi akisikia mwanafunzi mwenzake anaamini kuliko akiambiwa na mtu wa ofisi mwenye tai.

Ukaguzi pia wako makini na mimi nawashukuru kwa hilo. Wanakuhoji, wanapigia watu wawili wanaokujua, na lazima ulete cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi). Wengine walilalamika ati wanachukuliwa kama wezi, lakini hawa ni watoto wa watu, mi ningekuwa mzazi nisingekubali kitu chini ya hapo. Wanakufundisha pia usikae na mtoto chumba kimefungwa, usimpeleke kwa hosteli yako, na ukisikia anaumizwa nyumbani unaambia nani, wakatuandikisha ile namba ya bure ya 116 kwa simu kabla tutoke kwa ukumbi. Shida ni pesa: cheti kilikuwa shilingi 1,050 wakati wangu na unalipa mwenyewe kwanza, halafu kuna nauli. Kwenda na kurudi ilikuwa inanikula mia mbili, mvua ikinyesha mia tatu, walisema watarudisha kwa M-Pesa na wakarudisha, lakini wakati mwingine baada ya wiki tatu, na mtu anayengoja mkopo wa HELB hana wiki tatu. Wengi niliojiunga nao waliacha hapo, si kwa ubaya wa roho, nauli tu iliisha.

Sasa kitu ambacho kimefanya niondoe nyota mbili.

Kijana niliyepewa alikuwa gredi ya 8, wale wa kwanza kabisa wa JSS (sekondari ya chini) walioanza gredi ya 7 mwaka wa 2023. Anaishi na dani (nyanya) yake. Wiki tano za kwanza hakuongea karibu chochote, alikuwa anajibu "poa" na kuangalia chini, nikafikiria nimeshindwa. Wiki ya sita boda ilizima karibu na ukumbi tunapokutana, akainuka bila kuulizwa akaenda akachuchumaa pale na yule jamaa, akachomoa plagi, akaipanguza na shati lake mwenyewe, akairudisha, pikipiki ikawaka. Aliporudi kukaa mikono imejaa mafuta aliongea nusu saa bila kupumua. Kutoka siku hiyo tukawa watu wa maana.

Mei 2025 nikaenda TP (mazoezi ya kufundisha) mbali na Kisumu. Niliambia ofisi mapema, tena kwa kuandika, nikaambiwa usijali tutampanga na mwingine. Hawakumpanga. Hawakumwambia hata kwamba siko. Mi nilidhani ameambiwa, na simu ya dani haikuwa inaingia. Niliporudi Agosti dani akanieleza Jumamosi mbili mfululizo kijana alipaka raba zake chaki, akaenda akakaa kwa ngazi za ukumbi mpaka saa sita, ya tatu akakataa kutoka kitandani. Dani hakuwa ananigombeza, alikuwa ananieleza tu huku akichambua omena, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Na ujue hiyo miezi ilikuwa miezi gani. Ndio wakati watoto wa gredi ya 9 walikuwa wanachagua mkondo wa senior (gredi ya 10 hadi 12), kama ni STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi za Jamii ama Sanaa na Michezo, na kuandika shule 12. Dani hasomi. Jirani akamwambia STEM ni ya wenye hesabu kali, mtoto mwenye mikono kama ile akaandika Sayansi za Jamii. Sisi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 hatukupitia hiyo mikondo, nilikuwa hata nimesoma ile miongozo usiku ndio nisimdanganye, na siku yenyewe sikuwepo.

Kuna utafiti wa Grossman na Rhodes wa 2002 Marekani ulioangalia kitu hiki hiki: vijana waliokaa na menta mwaka mzima au zaidi ndio waliofaidika zaidi, na wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu ya kwanza walishuka vile wanavyojiona. Sisi tulikuwa tumepita miezi mitatu, sawa, lakini kukatika bila kuagwa ni kukatika.

Kwa hivyo ombi langu kwao ni kwa kuandikisha kwenyewe. Wasichukue mtu wa mwaka wa nne kwa sababu amevaa vizuri na anajua kujieleza, huyo Desemba ameenda. Wachukue wa mwaka wa kwanza na wa pili, hasa wale wanaoishi Kisumu hapa hapa ambao likizo haiwaondoi. Waandike tarehe za mitihani, atachimenti (kwenda kujifunza kazini) na TP za kila mmoja siku hiyo hiyo ya kwanza, na mtoto ajulishwe menta wa pili mapema, si siku ya kwanza amepotea. Nauli walipe asubuhi ya Jumamosi. Na pale mezani wasiulize tu kama uko na Jumamosi, waulize Mei utakuwa wapi.

Wewe mzazi, uliza hilo swali hata kama wao hawajauliza.

Kijana yuko gredi ya 10 sasa, shule ya kutwa, na jioni anashinda kwa gereji fulani Kondele akishikilia watu spana. Ilichukua muda kabla aniamini tena, mwezi mzima alikuwa ananiuliza "wiki ijayo uko?" kabla hata hatujakaa. Mimi namaliza Desemba na nimeshamwambia, nikamtafutia mwenyewe komredi wa mwaka wa pili anayesomea mambo ya mitambo, anaishi Nyalenda. Jumamosi iliyopita tulikaa watatu, na hao wawili waliongea kuhusu kabureta mpaka nikaenda kununua maji nikarudi bado wanaendelea.