Betri ya pili kwenye gari la kambi: pima kwanza, kisha uchague

Friji ya gari ikizima usiku kambini, iwe Serengeti au Tsavo, lawama huangukia betri ya pili, ile inayoendesha friji. Watu hununua betri mpya, na safari inayofuata friji inazima tena, kwa sababu mwenye kosa alikuwa waya.

Kwa hiyo anza na testa, yaani mita ya kupimia volti. Washa friji, subiri kompresa ifanye kazi, kisha pima volti kwenye betri na kwenye plagi ya friji. Tofauti ikizidi volti 0.5, waya ni mwembamba, erthi imeshika kutu, au unatumia ile soketi ya kiberiti cha sigara, ambayo hulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi. Tafuta soketi ya kufunga kwa kuzungusha. Volti zikiwa sawa kotekote lakini zote zinashuka haraka, ichaji betri ijae, chomoa nyaya zote, iache hadi kesho yake. Betri nzima ya risasi husoma karibu 12.7. Ikishuka chini ya 12.4 bila kufanya kazi yoyote, hiyo imechoka.

Sasa hesabu. Friji ya lita 40 hadi 50 kwenye joto hula takriban Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji) 30 hadi 35 kwa siku. Taa na simu ziongezee 10. Siku mbili bila kuwasha injini ni Ah 80 hadi 90.

Kati ya aina tano za betri, nafasi ya kwanza tunaipa litiamu ya LiFePO4, Ah 100. Ina uzito wa kilo 11 hadi 13, unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya chaji bila kuiumiza, na huvumilia mizunguko zaidi ya 2,000. Bei yake inauma, ila AGM (betri ya risasi iliyofungwa) ya kukupa Ah hizo hizo ni mbili za Ah 100, kwa kuwa hutumii zaidi ya nusu, karibu kilo 60 nyuma ya gari. Usiiunge moja kwa moja na alternata, jenereta ya injini: litiamu hupokea ampea nyingi mfululizo, na alternata huungua, hasa gari likiwa limesimama injini inanguruma polepole. Weka katikati chaja ya DC-DC, inayodhibiti ampea, ya 20 au 30. Waya uwe milimita 16 za mraba. Kwa ampea 30 na mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita 6 hupoteza karibu volti 0.9, wa 16 hupoteza 0.3 tu. Fyuzi ni mbili, moja karibu na kila betri, maana umeme unaweza kutoka pande zote. Betri hii isikae chini ya boneti. Joto la injini litaiua. Na usiamini volti kujua chaji iliyobaki, kwani volti za litiamu hazishuki sana mpaka karibu na mwisho. Funga mita ya shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Ya pili ni AGM. Haimwagiki, na alternata nyingi za magari ya zamani huichaji vizuri. Usiishushe chini ya nusu, yaani volti 12.2 ikiwa imepumzika.

Ya tatu, betri ya maji ya sola. Ni ya bei nafuu na hudumu ukiiongezea maji ya betri (distilled), lakini hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka. Kwenye gari unalolala ndani, hapana.

Betri ya jeli tunaiweka ya nne: huchaji taratibu, na alternata ikizidisha volti 14.4 hupata mapovu yasiyorudi tena.

Ya mwisho ni N70 ya kuwashia injini. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Chaji ikiisha kabisa mara kadhaa, imekwisha.

Ukienda kununua ya risasi, beba testa na mizani. AGM halisi ya Ah 100 ina kilo 28 hadi 30. Ya kilo 18 yenye maandishi hayo hayo ni ya uongo. Ikisoma chini ya 12.4 hapo dukani, imekaa rafuni muda mrefu mno, iache.