Ukuta wa sebule: sponji au marumaru ya kuigwa?

Wenye nyumba wa Mbeya wanaotaka ukuta mmoja wa sebule uwe na pambo wanaweza kuchagua kati ya njia mbili: kugonga rangi kwa sponji au kuiga marumaru kwa brashi. Zote huanzia kwenye ukuta uliopigwa skimu (tabaka jembamba la kulainisha plasta), ukasuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi ya msingi hadi ikakauka kabisa.

Sponji haihitaji mkono wa fundi mzoefu. Sponji yenye unyevu huchovywa katika rangi ya pili iliyozimuliwa kwa maji, ikakamuliwa juu ya gazeti, kisha ikagongwa ukutani huku mkono ukiizungusha kila mara ili alama zisifanane. Huficha pia kasoro ndogo za plasta, jambo ninalolithamini sana.

Kuiga marumaru ni ufundi wa kale. Kuta za Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, bado zina michoro ya namna hiyo. Mishipa ya jiwe huchorwa kwa brashi nyembamba au unyoya juu ya tabaka la pili la rangi likiwa bado bichi, na papo hapo hulainishwa kwa brashi kavu hadi kingo zififie. Hapa baridi ya Juni na Julai, ambayo kwa kawaida huwachelewesha mafundi, humpa mchoraji muda zaidi wa kusahihisha. Hata hivyo, ukuta mzima wa marumaru huchosha macho. Nguzo moja inatosha. Kwa chumba cha watoto ningechagua sponji bila kusita, kwa kuwa panapochubuka hugongwa upya na kiraka hakionekani.