Mwarobaini au dawa mseto: homa ikipanda, ushike lipi?

Pwani ya Kenya na Tanzania, nyumba nyingi zina mwarobaini uani. Mtu akianza kutetemeka, majani yanachemshwa, anajifukiza chini ya shuka, kisha anakunywa kikombe kichungu huku amekunja uso. Jasho linamtoka, na mara nyingi anajisikia nafuu. Shida ni kwamba nafuu hiyo haisemi lolote kuhusu vimelea vya malaria vilivyomo kwenye damu. Na kipimo hakuna: bibi huyu atatia konzi moja ya majani, yule mbili.

Dawa mseto (ALu, yaani artemether na lumefantrine), ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 badala ya SP, dawa ya malaria iliyotumika kabla yake, huanza na kutobolewa kidole. Majibu ni ndani ya dakika 20 hivi. Mtu mzima hupewa vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, na vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Udhaifu wake ni sisi wenyewe. Homa ikishuka siku ya pili, vilivyobaki vinawekwa kabatini, eti akiba.

Wanaoiita dawa ya kizungu wajue tu kwamba artemisinini, asili ya artemether iliyomo kwenye ALu, ilitolewa kwenye mmea wa tiba za jadi za Kichina. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015.

Kwa malaria sina mjadala: pima, maliza dozi. Mwarobaini nauachia upele na kufukuza mbu jioni. Mtoto mchanga asinyweshwe kabisa. Mafuta yake yamewahi kudhuru watoto vibaya. Na kama umeshaunywa, mwambie daktari bila kuona haya.