Mwaka na nusu nikiripoti hela ya cherehani kwenye akaunti ya Universal Credit: nyota 4 kati ya 5

Naandika hii kwa mlioko Uingereza mnaopokea Universal Credit (malipo ya serikali ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi) na mna kikazi cha masaa machache au mnauza vitu mnavyotengeneza wenyewe, maana kila nikikaa na wenzangu nasikia yale yale. Hela ya hobi haihesabiwi. Chini ya pauni elfu moja hamna shida. Ukiripoti tu wanakata yote. Nimetumia ile sehemu ya kuripoti mapato kwenye akaunti ya mtandaoni mwaka na nusu sasa na nasema kwa moyo wote, haya matatu yanawaponza watu wetu.

Mimi nafanya usafi wa ofisi masaa 10 kwa wiki, alafu jioni nashona mikoba ya kitenge na foronya. Nilianza kwa kupenda tu, nikampa jirani mmoja, rafiki yake akataka, mwingine akauliza bei, na hapo ndo hobi ilipogeuka kuwa hela.

Kwa kazi ya usafi mambo ni mepesi. Nilitoa taarifa nilipoanza, baada ya hapo mwajiri kila akilipa anapeleka takwimu HMRC (mamlaka ya kodi) kupitia PAYE (mfumo wa kukata kodi kwenye mshahara) na zinaingia zenyewe kwenye hesabu yangu. Ila usiache kuziangalia. Mwajiri wangu wa kwanza, sitamtaja, mwezi mmoja alipeleka kiasi kikubwa kuliko nilicholipwa, bahati peislipu nilikuwa nayo, nikaandika kwenye jonali (sehemu ya ujumbe ndani ya akaunti) siku hiyo hiyo na ikarekebishwa. Tunzeni peislipu jamani, hata za wiki moja.

Ya cherehani unaripoti mwenyewe. Kila mwisho wa kile kipindi cha tathmini, ambacho ni mwezi mmoja kuanzia tarehe yako ya maombi na siyo lazima tarehe 1, inatokea kwenye orodha ya mambo ya kufanya, unaandika hela iliyoingia na hela uliyotumia kwa ajili ya biashara. Kwa simu inanichukua dakika kumi hivi kama daftari langu liko sawa. Ukichelewa na malipo yanachelewa, kwa hiyo mi nimeweka alamu.

Kitu kilichonisumbua mwanzo ni kwamba wanahesabu hela iliyofika mkononi au benki ndani ya mwezi ule, siyo oda wala invoisi. Mteja aliagiza mikoba 6, mi nikaandika hela yake kabla hajalipa, akaja kulipa mwezi uliofuata, sasa mwezi ule nikapunguziwa kwa hela ambayo sina. Kosa langu, maelezo yapo, sikuyasoma. Tangu siku hiyo daftari lina safu tatu tu: tarehe hela ilipoingia, tarehe ilipotoka, na ya nini.

Sasa hili la kukatwa yote. Tuseme mwezi huu mikoba imeingiza pauni 90. Kitambaa, zipu na uzi pauni 25, posta pauni 5. Zinabaki 60, na hizo ndo zinazohesabiwa. Kila pauni inapunguza malipo yako kwa senti 55, yaani kwenye 60 unapunguziwa 33 na 27 ni zako juu ya ulichokuwa unapata. Siyo nyingi, najua, na nadhani 55 ni kubwa kwa mtu anayekesha kwenye cherehani. Lakini si yote. Na kama unalea mtoto, au umepimwa ukaonekana afya inakupunguzia uwezo wa kufanya kazi, kuna kiasi cha kwanza hakiguswi kabisa ndo 55 ianze. Kwangu hakipo, inaanza pauni ya kwanza.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni hasara. Mwezi mmoja nilinunua cherehani ya mitumba pauni 120 na mauzo yalikuwa 40 tu, nikajua zile 80 zimepotea. Hazikupotea, zilibebwa zikaja kupunguza mapato ya cherehani ya miezi iliyofuata. Sheria iko hivyo tangu 2018 na sijawahi kumsikia mtu akiitaja! Nyie mnaoogopa kununua vifaa, hebu liangalieni hili vizuri.

Kuhusu ile elfu moja. Ni kweli HMRC wanakuachia hadi pauni 1,000 ya mapato ya biashara ndogo kwa mwaka wa kodi bila kodi. Lakini hiyo ni ya KODI. Universal Credit ni hesabu nyingine, pauni 40 zako unaziandika mwezi zilipoingia. Watu wanachanganya hizi mbili alafu baadae inakuja barua ya kurudisha hela, na deni la malipo yaliyozidi linaweza kudaiwa hata kama kosa halikuwa lako, na ukishindwa kutoa taarifa bila sababu ya maana kuna faini ya pauni 50 juu. Kuuza nguo zako za zamani au kiti ulichochoka nacho ni jambo jingine, hiyo siyo biashara. Kama huna uhakika chako kiko upande gani, uliza kwenye jonali, jibu linabaki limeandikwa pale.

Kingine, ukisema unajiajiri utaitwa kwenye mahojiano Jobcentre (ofisi ya serikali ya ajira) waamue kama ndo kazi yako kuu. Yangu waliona si kuu kwa hiyo wanachukua nilichopata kweli. Ikionekana ni kuu, unaweza kupewa hadi miezi 12 ya kuanza, baada ya hapo wanaweza kukuhesabia kiwango cha chini cha mapato hata mwezi ambao hujauza kitu. Kwa hiyo usijisifie masaa ambayo hufanyi. Sema ukweli, masaa na hela kama vilivyo, na daftari ulibebe.

Wenye Carer's Allowance (posho ya wanaomhudumia mgonjwa au mlemavu) msichukue haya niliyosema kwenye 55 mkayapeleka kule. Kule kuna mstari wa mapato, kuanzia Aprili 2025 ulikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato, ukiuvuka hata kwa pauni moja wiki hiyo unakosa yote. Unapanda kila mwaka mpya wa malipo, hivyo angalia wa mwaka huu kabla hujakubali shifti ya ziada.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu mbili. Fomu yenyewe ni fupi sana, haikuonyeshi ukiwa unaandika kwamba hasara ya miezi ya nyuma imehesabiwa, unaiona malipo yakitoka. Na wanaolipwa kila wiki 4 kuna mwezi mmoja kwa mwaka mishahara miwili inaangukia kipindi kimoja, malipo yanashuka sana au yanaisha kabisa mwezi huo. Waliolipwa kwa mwezi walirekebishiwa jambo kama hili 2020, wa wiki 4 bado. Kama ni wewe, tafuta huo mwezi kwenye kalenda leo uweke akiba mapema, na malipo yakifungwa fungua upya maombi mara moja. Citizens Advice (shirika la ushauri) wanasaidia bure, na ukipiga simu ya Universal Credit Kiingereza kikiwa kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi kitu.