Muvi ya Ann Lee: nilitegemea mahubiri, nikakuta mapambio na msiba

Juzi Jumamosi nimeicheki The Testament of Ann Lee hapa home Mwananyamala. Mshkaji wangu alinirushia kwenye flashi akasema "ni ya walokole wa zamani, kuna kuimba imba," basi nikaiacha wiki mbili maana muvi nyingi za dini mi hua zinanipa usingizi. Aisee, hii nilikosea.

Steringi ni Amanda Seyfried, yule dada wa macho makubwa, kacheza Ann Lee mwenyewe, mtu wa kweli huyo, kazaliwa Manchester 1736, baba yake mhunzi, shule hakuna, akaolewa akazaa watoto wanne na wote wakafa wadogo. Wameziweka hizo mfululizo, uchungu, mtoto, msiba, uchungu tena, mpaka mi nikawa naangalia ukutani. Kwahiyo baadae akiwekwa ndani kisha akaanza kusema Mungu kamfunulia kwamba tendo la ndoa ndo mzizi wa dhambi, kila mtu alale kivyake, huwezi kumcheka, unaona kabisa limetokea wapi. Na muvi haikwambii kama ni nabii kweli au ni mama aliyeumia, wafuasi wake wanaamini Kristo karudi kwa umbo la mwanamke, we kaa na hilo.

Sasa ibada zao. Shangazi yangu alikua pembeni anachagua mchele, hana habari na TV, wale watu wakaanza kuhema, kujipiga vifua, kutetemeka (ndo maana wakaitwa Shakers, yaani watetemekaji), nyimbo zenyewe ni za kwao za enzi hizo, Daniel Blumberg kazitengeneza upya, nikamuona ungo umetulia mapajani na mguu unapiga sakafu taratibu. Akasema "mbona kama mkesha wetu wa Ijumaa?" Dakika chache nyuma ikiwa sehemu ya chumbani alikua kabeba ungo kakimbilia jikoni, so kama unaishi na wakwe usiweke sebuleni, nimesema mapema.

Kinachonikera ni upande wa Marekani. Wamevuka bahari 1774, yeye na wenzake wanane tu, wakaenda kuishi Niskayuna karibu na mji wa Albany, New York, vita vya uhuru viko hapo hapo wao hawashiki bunduki, wanafungwa, wanapigwa, yaani hapo kulikua na muvi nyingine nzima lakini muongozaji wa muvi, Mona Fastvold, anapita kama daladala isiyo na abiria. Mume wa Ann nae anapotea hivi hivi. Lewis Pullman ndo kaka mtu, William, huyo kaigiza balaa, naona kama hawakumpa nafasi ya kutosha.

Ni masaa 2 na robo hivi, ukiwa na haraka utachoka. Subtaito nilizopata zilikua mbovu kinoma, na Kiingereza chao cha zamani bila maandishi unaachwa, tafuta zilizo safi. Mi naipa 8 kwa 10.

Umeme ulikatika wakiwa melini wanaimba mawimbi yanapiga, tukamalizia Jumapili usiku. Shangazi akauliza hao watu bado wapo, nikamwambia wamebaki wachache sana, huko jimbo la Maine, Marekani. Akanyamaza, akaniambia nirudishe pale kwenye meli.