Albumini ya dripu 20%: bei inauma ila kazi yake nimeiona

Wadau naandika kuhusu hii albumini ya chupa ya 100 ml, ndani ina gramu 20 za protini iliyotolewa kwenye damu ya watu waliochangia. Baba mdogo ini lake limechoka, tumbo lilijaa maji mpaka kupumua shida, daktari akamtoboa kuyatoa, na yakizidi lita 5 ndo wanaweka hii, kama gramu 6 mpaka 8 kwa kila lita iliyotoka, ili presha isishuke na figo zisiumie. Kwake presha ilitulia, nashukuru sana.

Nilivyoelezwa ni kwamba albumini inavuta maji yabaki ndani ya mshipa, na pia inajishika kwenye ule utando laini unaofunika kuta za vimishipa vidogo kwa ndani, kwa hiyo ukuta hauvujishi ovyo. Ini ndo linaitengeneza, sasa likichoka lazima ipungue.

Ila sio dawa ya kila kitu jamani!! Mtu mwenye maambukizi makali mwilini kuta zinakuwa zimeachia, albumini yenyewe inavuja nje. Utafiti mkubwa wa Australia na Nyuzilandi wa 2004, wagonjwa karibu 7,000 wa ICU, waliilinganisha na dripu ya kawaida ya chumvi, vifo vikatoka karibu sawa. Kwa hiyo ukiambiwa kanunue, uliza kwanza inaenda kufanya nini. Kwa maji ya tumbo naipa nyota 5, bei nyota 2.