“Injini Bado Mpya”: Uzoefu Wangu na Karakana ya Wauzaji wa Gari Langu, Kisumu

Nyota moja, na hiyo moja ni ya gari, si yao.

Nilikwenda kulalamika kwamba gari jipya linakula mafuta kupita kiasi, mkononi nina karatasi yenye hesabu ya matangi matatu. Bwana wa mapokezi hakuitazama. Aliendelea kubonyeza simu yake, kisha akasema bila kuinua macho: “Mzee, injini bado mpya. Na kama unataka kitu kisichokula mafuta, Kondele kuna baiskeli.” Wenzake wawili wakacheka. Ni miezi kadhaa sasa, na bado kauli ile inanichoma kila nikipita barabara ile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nusu ya aliyoyasema ni kweli. Ametumia neno la kweli kufunikia uvivu.

Injini mpya kweli hula mafuta zaidi. Ukuta wa silinda hutoka kiwandani na mikwaruzo myembamba iliyopishana, imewekwa makusudi ishike oili na isuguane na ringi za pistoni mpaka ringi zikae sawasawa. Msuguano huo unagharimu nguvu, na nguvu ni petroli. Ongeza beringi na sili za giabox ambazo bado zimebana, na tairi mpya zenye meno marefu ambazo ni nzito kubingirika kuliko zilizokwisha lika kidogo. Serikali ya Marekani huwaeleza wenye magari kwamba gari jipya linaweza kuchukua maili 3,000 hadi 5,000, yaani kilomita 4,800 hadi 8,000 hivi, kabla halijafikia matumizi yake bora. Hilo nalikubali.

Lakini hasara ya upya ni asilimia chache tu, na ina tabia yake: hupungua. Tangi la kwanza likiwa baya, la tatu huwa afadhali. Yangu yalikuwa hivi: kilomita 412 kwa lita 31.9, kilomita 398 kwa lita 30.6, kilomita 437 kwa lita 34.1. Gawanya mwenyewe: 12.9, 13.0, 12.8 kwa kila lita. Hakuna kulainika hapo. Hasara isiyosogea kwa zaidi ya kilomita elfu moja haitokani na upya, kuna kitu kimeshika mahali.

Na kijitabu chao cha mauzo kinasema 19. Hapa ndipo hasira inanipanda kabisa, kwa sababu namba hizo za vijitabu hupimwa maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, bila upepo wala mlima. Kwa kipimo kinachoitwa WLTP, kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2017, gari la kupimwa lazima liwe limekwisha tembea kati ya kilomita 3,000 na 15,000. Yaani limelainika tayari! Kwa hiyo wakati wa kukuuzia wanakuonyesha namba ya injini iliyozoea, na ukirudi kulalamika wanakwambia injini haijazoea. Wachague moja.

Kabla hujaenda kugombana nao, pima vizuri, maana karatasi mbovu itakuaibisha. Usitegemee dashibodi. Yangu ilikuwa ikionyesha 14.2 wakati hesabu halisi ni 13 hivi. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aongeze “kidogo kidogo” ili pesa zifikie namba kamili, kwa sababu nyongeza hiyo inaweza kuwa lita moja nzima na inaharibu hesabu. Rudisha kihesabu kilomita kwenye sufuri. Safari ijayo jaza kituo kilekile, pampu ileile, gari likielekea upande uleule, kwa kuwa kiwanja chenye mwinamo hubadilisha kiasi kinachoingia. Kilomita gawanya kwa lita. Tangi moja halitoshi, chukua matatu. Kuna wanaosisitiza kujaza alfajiri kwa sababu ya baridi: matangi ya kituo yako chini ya ardhi, joto la mchana haliyafikii kwa urahisi, lala usingizi wako.

Na pima kwenda na kurudi. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kericho iko juu zaidi kwa mita zisizopungua 800. Kuinua gari la kilo 1,200 pamoja na watu wake kwa mita 800 kunahitaji megajuli 9.4 hivi, na injini ndogo ya petroli hupata kama megajuli 9 za kazi kutoka kwenye lita moja. Yaani ile milima peke yake inakula lita moja, hata ukiendesha kwa adabu namna gani. Mtu akipima Kisumu hadi Kericho tu atalia, akipima Kericho hadi Kisumu atajisifu, na wote wawili hawajapima kitu. Matangi yangu yote matatu yalikuwa ya kwenda Nakuru na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini.

Tena ukiteremka kuelekea Awasi, usitie nyutro kwa imani kwamba unaokoa mafuta. Injini yenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye akseleta hukata mafuta kabisa, kwani magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitia nyutro inabidi iendelee kuunguruma kwa mafuta yake yenyewe, inakunywa. Juu ya hayo umebaki na breki peke yake, na sote tunajua ajali zilizotokea kwenye miteremko ya Salgaa na Sachangwan kwa magari yaliyoachiwa hivyo.

Sasa kilichokuwa kimeshika. Hili wangeligundua kwa dakika ishirini kama mtu angeinuka kwenye kiti.

Barabara ya kupimia ni ile tambarare ya Kano, Nyamasaria hadi Ahero. Endesha kilomita kumi hivi kwa mwendo wa wastani, kisha toa mguu mapema uache gari lipungue lenyewe, usikanyage breki kwa nguvu mwishoni. Simama mahali salama. Peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele huwa na uvuguvugu, hiyo ni kawaida. Za nyuma zinapaswa kuwa karibu baridi na zifanane. Rimu yangu ya nyuma kushoto ilikuwa inatoa joto kama jiko lililotolewa sufuria sasa hivi, ya kulia ilikuwa baridi. Na ukiinama pale unasikia harufu ya breki iliyoungua, kali, inayokaa puani.

Hatua ya pili ni jeki. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tia gia ya kwanza, shusha breki ya mkono kabisa, inua nyuma. Hii ni kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama langu. Zungusha gurudumu kwa mkono. La kulia lilizunguka mara tatu likasimama polepole, likikwaruza kidogo sana. La kushoto halikumaliza hata nusu mzunguko. Kisha inua breki ya mkono ukihesabu milio ya meno yake: tak, tak, tak. Kitabu cha gari ndicho kinachotaja idadi, mengi huanguka kati ya mitano na tisa. Langu lilikuwa limefunga kabisa kwenye wa pili.

Maana yake ni kwamba kebo ya breki ya mkono ilikazwa kupita kiasi kabla sijakabidhiwa gari. Viatu vya breki vilikuwa haviachani na drami, ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, hata gari likikimbia. Kebo ikikazwa hivyo, kile kifaa cha ndani kinachojirekebisha chenyewe kadiri viatu vinavyolika nacho kinashindwa kufanya kazi, kwa sababu mkono wake haurudi mahali pake. Mafundi wengi hukosea hapa: breki ya mkono ikilegea wanakimbilia nati ya kebo, kwa vile iko karibu na kiti na haichafui mikono. Utaratibu ni kinyume. Legeza kebo kwanza, rekebisha viatu ndani ya drami mpaka viguse kidogo tu, ndipo ukaze kebo mpaka upate milio inayotakiwa.

Aliyefanya kazi hiyo ni fundi kijana wa kule nyuma shimoni, baada ya mimi kukataa kuondoka. Huyo namsifu kwa moyo wote. Alisikiliza, akaweka kiganja chake karibu na rimu, akasema, “Pole mzee, hii si injini.” Aliandaa kila kitu kwa utaratibu, akafungua drami, akanionyesha sehemu ya viatu iliyoanza kung’aa kama kioo, akaipitisha msasa, akarekebisha, akanihesabia milio saba. Kisha bila kuombwa akapima presha ya tairi zote zikiwa baridi: tatu zilikuwa na pauni 27 wakati kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 33. Kila pauni moja inayopungua kwenye tairi zote nne hula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ni kidogo, lakini kidogo hicho nacho kiliitwa “injini mpya”. Na upime asubuhi kabla ya safari, tairi zikishapata moto presha hupanda kwa pauni tatu au zaidi, usije ukaitoa ukidhani imezidi.

Tangi lililofuata: kilomita 503 kwa lita 33.4. Kilomita 15 kwa lita moja, safari ileile, mguu uleule.

Sasa ndipo naweza kuiongelea injini yenyewe, kwa haki. Gari hili ni zuri. Kuanzia hapo lilifanya kile hasa ambacho injini mpya inatakiwa kufanya: lilipanda polepole, nusu kilomita hapa, nusu pale, mpaka lilipokaribia kilomita 6,000 nikapata 541 kwa lita 33.2, ambayo ni 16.3. Kumi na tisa ya kijitabu sijaiona na sidhani kama nitaiona na milima hii.

Kilomita 1,000 za kwanza ndizo za kuchunga. Usikanyage mpaka chini, wala usipitishe mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika, soma kitabu chako kwa namba kamili. Lakini pia usiibembeleze kupita kiasi. Ringi husukumwa kwenye ukuta na mgandamizo wa gesi inayoungua nyuma yake, kwa hiyo injini isiyopewa kazi kabisa, inayoachwa ikinguruma nusu saa huku eyakondishani inapoza watu, ringi zake hazikai vizuri na ukuta wa silinda unaweza kung’aa kabla ya wakati. Baadaye itakula oili. Badilisha mwendo: si kilomita 80 kwa saa kutoka Gilgil hadi mwisho wa safari. Kupanda Kericho shusha gia mapema, usiilazimishe injini kuvuta kwenye gia ya juu huku inatetemeka. Usivute trela. Na chomoa kijiti cha oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano au kumi, kwa maana injini mpya inaweza kunywa oili kidogo. Ijaze ifike kwenye alama ya juu, isipite. Oili iliyozidi hupigwa na krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikatoa povu, na hilo nalo ni mzigo.

Haya yote, neno kwa neno, yalipaswa kusemwa na mtu wa mapokezi siku ya kukabidhiwa funguo. Nilipewa kalenda na kishika funguo.

Nikikaa nikatulia naona nyota moja ni ukatili. Gari ni la nyota nne. Yule kijana ni tano, na kwa ajili yake ningesema karakana ipewe tatu, watu wasiikimbie, waingie moja kwa moja hadi shimoni wamuulizie fundi mwenyewe. Nilikuwa nimefika hapo kweli, nimeshaandika tatu.

Kisha nikaitoa ile risiti kwenye droo. Wamenitoza shilingi 1,500 za “marekebisho ya breki ya mkono”. Gari lilikuwa na kilomita 1,312, lina dhamana, na kebo walikuwa wameikaza wao. Nilipouliza, bwana yuleyule wa mapokezi akasema dhamana haihusu marekebisho, inahusu spea tu. Hakuna spea iliyoharibika kwa sababu niliwahi. Ningeendelea kungoja injini izoee kama alivyotaka, viatu na drami vingekwisha, na hapo pengine ndipo angekubali kunisikiliza.

Kwa hiyo narudisha ileile moja. Jumatatu nakwenda tena, na risiti, na karatasi ya matangi matatu, na safari hii ataisoma.